Neno Lisilo Neno

Mchezo ni jambo dogo ambalo aghalabu huuliza maswali makubwa. Watu wawili wakaapo mbele ya ubao mmoja kushindana, sheria chache walizozikubali huwa ndizo serikali yao kwa muda wa saa moja. Katika saa hiyo huweza kutendeana mambo ambayo nje ya mchezo yangewatia uadui: huzibiana njia, hufichana mali, na kila mmoja hufurahia hasara ya mwenziwe. Saa ikiisha hupeana mikono, wala hapana anayekwenda kushtaki kwamba amedhulumiwa. Kwa sababu hiyo mtu apendaye kufikiri juu ya haki na batili hupata katika mchezo uwanja mwema wa uchunguzi, maana humo mipaka ya halali imechorwa waziwazi, na kila aivukaye huonekana. Lakini yako matendo machache ambayo mchezo huyaruhusu na dhamiri huyaonea shaka. Insha hii yahusu tendo moja la namna hiyo: mtu kuweka ubaoni neno ambalo anajua kwamba si neno, akitumaini kwamba mwenziwe hatathubutu kulipinga. Je, mtu huyo amesema uongo?

Mchezo wenyewe ni Scrabble. Huchezwa kwa lugha nyingi, lakini hapa nautazama kama uchezwavyo kwa Kiingereza. Aliyeubuni alikuwa Alfred Mosher Butts, msanifu wa majengo wa New York, aliyepoteza kazi yake katika dhiki kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Butts alihesabu herufi katika kurasa za gazeti ili ajue kila herufi hutumika mara ngapi katika Kiingereza, kisha akagawanya herufi za mchezo wake kwa kipimo hicho. Mwaka 1948 James Brunot aliupa mchezo jina ambalo unajulikana kwalo mpaka leo. Ubao wake una vyumba 225. Mfuko wake una vibao 100. Katika hivyo 98 vina herufi, na 2 ni vitupu, ambavyo mchezaji huweza kuvipa herufi aitakayo. Herufi E ina vibao 12, na thamani ya kila kimoja ni alama 1 tu. Herufi Q na Z zina kibao kimoja kimoja, na thamani ya kila kimoja ni alama 10. Kila mchezaji hukaa na vibao 7 ambavyo mwenziwe havioni, huunda maneno kwa zamu, na akiweza kuvitumia vyote 7 kwa mara moja hupewa alama 50 zaidi.

Mgeni wa mchezo hudhani kwamba ushindi ni wa mtu ajuaye maneno mengi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ajuaye maneno mengi pasipo kujua kuchagua hufanana na tajiri asiyejua kuweka akiba. Katika kila zamu mchezaji hukabiliwa na maswali. Je, achukue alama 30 sasa na kubaki na herufi mbovu, au achukue 22 na kubaki na herufi zitakazomzalia katika zamu ijayo? Je, afungue njia ambayo mwenziwe pia ataipita, au aifunge na kuikosa yeye mwenyewe? Je, atumie kibao kitupu kwa faida ndogo ya leo, au akiweke kwa faida kubwa isiyo na hakika? Je, aache zamu yake kabisa na kubadilisha vibao mfukoni? Wachezaji hodari huhesabu vibao vilivyokwisha kuonekana, hata mfuko unapokuwa mtupu huzijua herufi zote za mpinzani bila kuziona. Mwaka 2015, katika mji wa Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huu kwa Kiingereza. Wachezaji wa Nigeria walisifiwa kwa mbinu ya kuchagua maneno mafupi hata panapokuwapo refu, ili wazuie njia za mpinzani na kutunza herufi njema. Hiyo ni busara ya mtu akubaliye kupata kidogo leo ili apate kingi baadaye. Hapana udanganyifu ndani yake.

Hila huingia kwa mlango wa sheria ya kupinga. Mchezaji awekapo neno, hapana mwamuzi asimamaye kulipitisha au kulikataa. Neno husimama mpaka mpinzani aseme kwamba analipinga, na hapo ndipo orodha ya maneno hutazamwa. Likikosekana, vibao huondolewa, na aliyeliweka hupoteza zamu yake. Likipatikana, sheria hutofautiana: katika mashindano ya Marekani desturi ni mpingaji kupoteza zamu yake, katika mashindano mengi ya kimataifa hutozwa alama chache, na pamekuwapo mahali ambapo hatozwi kitu. Lakini mpinzani akinyamaza, neno bandia hupata alama zake kamili, hukaa ubaoni, na maneno mengine huweza kujengwa juu yake mpaka mwisho wa mchezo. Kimya cha mtu mmoja kimelifanya lisilo neno kuwa neno.

Tufanye hesabu ili tuone ukubwa wa kishawishi. Chukua mchezaji ambaye neno lake bora la kweli litampa alama 24, na ambaye kwa vibao vyake 7 aweza kuunda neno bandia la alama 70. Akipingwa atapata sifuri. Tukiacha kando mambo mengine, kama herufi atakazobaki nazo na siri itakayofichuka akikamatwa, neno bandia lingali na faida hata kama mpinzani angelipinga mara 65 katika 100. Kwani katika mara 35 zilizobaki angepata alama 70 kila mara, na wastani wake ungekuwa alama 24 na nusu, ambazo zazidi 24. Maana yake ni kwamba mtu aweza kukamatwa karibu mara mbili katika kila mara tatu, na bado hesabu ikamwambia kwamba alifanya vema. Uchumi wa namna hii ni wa hatari kwa tabia ya mtu, kwa sababu humfundisha kuiona aibu kuwa gharama ya kawaida ya biashara.

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tutenganishe matendo manne yanayofanana kwa sura. La kwanza ni kuficha vibao. Hili si uongo, maana kunyamaza juu ya siri ambayo wote wamekubaliana iwe siri hakumdhulumu mtu. La pili ni kuweka neno la kweli lakini geni, lenye sura ya kubuniwa, ili mpinzani alipinge na kupata hasara. Hapa mchezaji ametumia kweli kwa nia ya kupoteza. Hata hivyo aliyeweka neno la kweli hana deni. La tatu ni kuweka neno ambalo mtu halijui kwa yakini, akijaribu bahati yake. La nne ni kuweka neno bandia kwa makusudi. Mbali na hayo manne yako matendo mengine, kama kuchungulia mfukoni au kuficha kibao kitupu mkononi. Hayo ni wizi, na wizi hauna haja ya insha.

La nne ndilo gumu, nalo lina watetezi ambao hoja yao ni nzuri. Husema kwamba uongo una masharti: mtu atamke jambo kuwa ni kweli, hali anajua kwamba si kweli, mbele ya mtu mwenye haki ya kuutegemea ukweli wake. Vibao havitamki. Mchezaji aviwekapo hasemi, "Hili ni neno." Asema, "Nadai alama hizi. Ukiona si haki, pinga." Hilo ni dai, na dawa ya dai hilo imo mkononi mwa mpinzani toka mwanzo. Zaidi ya hayo, katika mchezo huu neno si lazima liwe jambo lisemwalo na watu likaeleweka. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa, naye hakuwa msemaji wa Kifaransa. Alikuwa ameihifadhi orodha. Kwake maneno yale yalikuwa mipangilio ya herufi iliyopata idhini. Ikiwa mtu aweza kuweka ubaoni maneno mengi ya kweli pasipo kusema jambo lolote, basi, wasema watetezi, mwingine aweza kuweka neno bandia pasipo kusema uongo wowote.

Lugha yetu yaweza kuwaongezea nguvu. Katika Kiswahili kitenzi kimoja huvaa viambishi mbele na nyuma hata kikazaa maumbo yasiyohesabika. Mtu akisema "wasingalipikiana", kila Mswahili atamwelewa, na pengine hapana kamusi iliyowahi kuliorodhesha umbo hilo wala hapana haja ya kuliorodhesha. Neno letu huzaliwa kinywani kwa kanuni. Neno la Scrabble huthibitishwa kwa orodha. Kwa hiyo mwamuzi asemapo, "Hili si neno," maana yake ni kwamba halimo orodhani, basi. Yamkini lilisemwa na mabibi wa kijiji kimoja cha Uingereza kwa miaka mia. Kumlaumu mtu kwa neno lisilomo orodhani, wasema watetezi, ni kumlaumu kwa kosa la karani.

Hoja hizi zina uzito, lakini zaacha tofauti moja bila kuigusa, nayo yaonekana tukiulinganisha mchezo huu na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari hutega mitego, naye mwenziwe hunaswa. Lakini mtego wenyewe umo mbele ya macho ya wote wawili. Aliyenaswa hajanyimwa habari yoyote. Amenyimwa na haraka yake mwenyewe, na kesho akifikiri zaidi atauona. Neno bandia ni mtego wa namna nyingine. Ushahidi wake haumo ubaoni, bali umo katika kumbukumbu ya mpinzani, kama umo. Hata akifikiri usiku kucha hawezi kuugundua kwa kufikiri tu. Atauona kwa elimu aliyokuja nayo, au atauvunja kwa ujasiri wa kupinga asichokijua. Bao humwadhibu asiyefikiri. Neno bandia humwadhibu asiyejua. Na kutojua si kosa la aina moja na kutofikiri.

Johan Huizinga, mwanachuoni wa Uholanzi, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mchezo na utamaduni, alitofautisha mdanganyifu na mvunja mchezo. Mdanganyifu hujifanya anafuata sheria, na kwa kujifanya huko hukiri kwamba mchezo upo. Mvunja mchezo huukanusha mchezo wenyewe. Mwenye neno bandia si mmoja wao. Yeye hufuata sheria kweli, na huutii mchezo kuliko wote. Ndiyo maana ni vigumu kumhukumu kwa kutazama ubaoni peke yake. Hapana budi tutazame kinachotokea pembeni mwa ubao.

Utetezi nilioutaja niliuamini kwa miaka mingi, na sehemu yake kubwa naiamini hata sasa. Kilichonitia shaka ni tukio. Nilipokuwa mwanafunzi nilicheza na kijana wa kidato cha chini yangu, ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya lugha ya kwao na Kiswahili. Nilikuwa nyuma kwa alama nyingi. Nikachukua kiambishi cha Kiingereza, nikakitia mbele ya kitenzi kisichokipokea, na vibao 7 vikatimia. Neno lenyewe sitaliandika hapa, lisije likapata msomaji wa pili. Kijana alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kaka, hili maana yake nini?" Nikampa maana, kwa sauti ya mtu ajuaye. Akasema, "Ahsante, kaka, sikulijua," akaniandikia alama zangu. Nikashinda.

Baada ya majuma machache kijana yule alilitumia neno lile katika insha yake ya Kiingereza. Mwalimu alilipigia mstari mwekundu na kulisoma kwa sauti, na darasa likacheka. Kijana alinijia jioni na daftari lake. Hakuja kwa hasira. Alikuja kuniomba nimwonyeshe kamusi ambamo nililiona, ili akamwonyeshe mwalimu. Nikamwambia kwamba nimesahau.

Tazama, msomaji, jinsi neno moja lilivyotumika mara tatu. Mara ya kwanza lilisemwa kwa vibao. Hapo sheria ya mchezo ilikuwa na msamaha wake. Mara ya pili lilisemwa kwa ulimi, tukiwa bado mezani. Kijana hakuuliza kama mpinzani anayepima dai. Aliuliza kama mwanafunzi amwulizaye mkubwa wake, nami nilijibu kana kwamba mimi ni mwalimu. Mara ya tatu lilisemwa, au tuseme lilinyamaziwa, nje ya meza kabisa, pasipo ubao wala alama, na hasara yake haikuwa ya mchezo. Mtu angeweza kusema kwamba mara ya tatu pekee ndiyo iliyokuwa uongo. Lakini ya tatu ilizaliwa na ya pili, na ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Lakini neno bandia lililoaminiwa lina njia ndefu, kwa sababu halisafiri tena na mwongo, husafiri na mkweli aliyeliamini.

Kutokana na tukio hilo nimeona kwamba ruhusa ya mchezo ina masharti matatu ambayo watetezi huyadhani kuwapo daima. Sharti la kwanza ni ujuzi wa desturi. Mpinzani awe anajua kwamba neno bandia ni sehemu ya mchezo, na kwamba kila kiwekwacho ubaoni ni dai tu. Wachezaji wa mashindano wajua hivyo, na wenyewe huwekeana maneno bandia wakicheka. Kijana wangu hakujua; yeye alidhani kwamba ubao hufundisha. Sharti la pili ni uwezo. Mpinzani awe na njia ya kweli ya kupinga, si njia iliyoandikwa tu. Sharti la tatu ni mpaka. Kilichoruhusiwa ndani ya mchezo kiishe pamoja na mchezo, kisivuke na kwenda kukaa katika akili ya mtu kama elimu. Masharti haya yote yakitimia, neno bandia si uongo. Ni mchezo mkali baina ya walio sawa. Likikosekana moja, lile lililokuwa mbinu hugeuka kuwa dhuluma, ijapokuwa vibao vimewekwa kwa namna ile ile na alama zimehesabiwa kwa hesabu ile ile.

Sharti la pili lastahili maneno zaidi, maana hapa mchezo mdogo watufunulia jambo kubwa la jamii. Nimesema kwamba mahali pengine mwenye kupinga bure hupoteza zamu yake, na mahali pengine hapotezi kitu. Pale ambapo kupinga hakuna gharama, neno bandia karibu halina faida, kwani kila lenye shaka litapingwa. Pale ambapo kupinga kuna gharama kubwa, neno bandia hustawi. Kumbe nguvu ya uongo haikutoka kwa mwongo peke yake. Imetoka pia kwa sheria iliyoipandisha bei ya shaka. Na bei hiyo hailipwi sawasawa na watu wote. Bingwa aliyeihifadhi orodha hapingi kwa kubahatisha, kwa hiyo kwake bei ni ndogo. Anayeanza, asiye na hakika na lugha, na aliyezoea kuambiwa kwamba hajui, ndio wanaolipa bei kamili. Zipo programu za kompyuta zinazoucheza mchezo huu kwa ustadi mkubwa. Maven ilimshinda bingwa Adam Logan mwaka 1998. Programu ya namna hiyo huchagua maneno yake katika orodha, haina hila hii. Hila hii yahitaji kujua mwenzi anaogopa nini, na ujuzi huo ni wa mwanadamu.

Mtu atafakari, basi, ni mahali pangapi maishani ambapo kuuliza kumetozwa kodi. Mwanafunzi amwulizaye mwalimu swali huogopa kuchekwa. Mgonjwa hapendi kumwuliza tabibu maana ya neno alilolisikia. Mwanakijiji atiwaye saini karatasi ya lugha asiyoisoma hujiona mtovu wa adabu akitaka isomwe tena. Katika mahali pote hapo wenye maneno bandia hushinda, si kwa ufasaha wao, bali kwa kuwa kimya cha wengine kimekwisha kununuliwa. Mithali yasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni kweli, lakini haki yataka pia tumwulize aliyefanya kuuliza kuwe ghali.

Mwaka 1968 Albert Carr aliandika katika jarida la biashara la chuo kikuu cha Harvard kwamba biashara ina maadili yake kama mchezo wa karata wa poka, ambamo kila mmoja hutarajia mwenziwe amtishe kwa mkono asio nao, na hapana amwonaye mchezaji kuwa mtu mwovu kwa sababu hiyo. Hoja yake imerudiwa na wengi tangu wakati huo. Naona kwamba kosa lake ni lile lile langu la ujana. Wacheza karata wameketi wote mezani kwa hiari, wamezikubali sheria kabla ya karata kugawanywa, na kila mmoja aweza kuinuka na kwenda zake. Mnunuzi, mpangaji na mfanyakazi aghalabu hawakuketi kucheza. Wamekuja kutafuta unga, nyumba na mshahara. Amtendeaye mtu kwa sheria za mchezo ambao mtu huyo hajui kwamba anauchezeshwa, hachezi naye, anamchezea.

Je, basi, mchezaji mwaminifu aache kabisa neno bandia? Wapo waliochagua hivyo, nami nawaheshimu. Lakini sidhani kwamba ni wajibu wa kila mtu, na mfano wangu wa kupata njia ya katikati ni wa nyumbani: kitendawili. Mwenye kutega kitendawili huficha jambo analolijua, husema maneno yanayopoteza, na hufurahi wenziwe wakipotea. Hapana amwitaye mwongo. Kwa nini? Kwa sababu anayo deni ambalo wote walijua. Wenzi wakishindwa humpa mji, naye akiupokea hana budi kutoa jibu. Mji ni malipo ya jibu. Mtu atakayepokea mji, akainuka na kwenda zake na jibu lake kifuani, amewaibia wenziwe. Na mtu atakayetega kitendawili kisicho na jibu amefanya vibaya zaidi. Siri yake ilikuwa halali kwa kuwa ilikuwa na mwisho.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoipendekeza kwa neno bandia. Alama ulizozipata ni mji wako; chukua, umeupewa na sheria. Lakini mchezo ukiisha unalo deni la jibu. Mwambie mwenzio: "Lile halikuwa neno." Na akikuuliza maana mchezo ungali ukiendelea, usimpe maana ya uongo, nyamaza, au mwambie kwamba ana haki ya kupinga. Vibao vimepewa ruhusa na mchezo; ulimi haukupewa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Atakayefichua neno bandia leo amempa mpinzani silaha ya kesho, maana safari nyingine atapingwa upesi zaidi. Ni kweli, na hasara hiyo ni halali. Hila ambayo yahitaji mwenzio abaki mjinga daima ili iendelee kukufaa, haikuwa mbinu, ilikuwa unyonyaji. Wengine watasema kwamba kamusi zipo, na kila mtu ajitafutie mwenyewe. Lakini mtu hutafuta katika kamusi neno alilolionea shaka. Lile aliloliamini halitafuti. Aliyemwondolea mwenziwe shaka kwa makusudi hawezi kumlaumu kwa kutokuwa na shaka.

Tangu hapo nimejizoeza desturi hiyo. Wapo wanaocheka niwaambiapo, wakaniambia na wao maneno yao bandia ambayo mimi niliyapitisha. Na hapo mchezo hupata utamu wa pili, kama baraza baada ya vitendawili. Wapo wanaokasirika, na hasira yao ni haki yao. Waliostahili jibu hawakuahidi kulipenda.

Kijana yule nilikutana naye baada ya miaka mingi, naye amekwisha kuwa mwalimu. Nilimwambia habari yote. Nilidhani kwamba amesahau, nikaanza kumkumbusha mchezo wenyewe ulivyokwenda, nani alikuwa mbele na nani nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ile ile ya zamani. Kisha, bila kuulizwa, alilitaja neno lile herufi kwa herufi, yote.

Ushindi wangu siku ile ulidumu saa moja, na hapana aliyeuandika mahali popote. Neno lilidumu. Apimaye hila zake kwa alama peke yake amepima kitu kile kinachopotea upesi, akakiacha bila kipimo kile kinachobaki.